Ng'ombe wa Mahari katika Bushi

Siku za Jumamosi, katika Ibanda, watu husimama kutazama maarusi wanaotoka katika katedrali ya Bibi Yetu wa Amani. Bibi arusi amevaa kanzu nyeupe, na shangazi zake wamevaa vitenge vya namna moja. Wengi hudhani kwamba kanzu ile ni desturi ya Wakristu tangu mwanzo. Sivyo. Ilienea Ulaya baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuivaa siku ya ndoa yake, mwaka 1840. Nguo hubadilika. Tuulize basi, kwa wazee wetu Bashi, ni kitu gani kilichofunga ndoa?

Wazee wale walivaa ngozi. Wanawake walijipamba miguuni kwa butega, ndizo pete nyembamba zilizofumwa kwa nyuzi za mimea. Batembo, upande wa msitu, walizifuma. Zikavuka ziwa Kivu mpaka Rwanda, na sokoni zilihesabiwa kama fedha.

Lakini mapambo hayakufunga ndoa. Kilichoifunga ni mahari, na mahari ya heshima ilikuwa ng'ombe. Kijana hakwenda kuposa peke yake: wakubwa wa jamaa yake walimsemea, wakichukua kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Asiye na ng'ombe aliweza kumwomba mkubwa, akamtumikia kwa mapatano yaitwayo bugabire.

Je, ng'ombe huyo alikuwa bei ya msichana? Hapana. Bei ikiisha kulipwa, muuzaji na mnunuzi huagana. Mahari iliunganisha jamaa mbili. Ng'ombe aliyeingia kwa ajili ya dada aliweza kutoka tena kwa ajili ya kaka, apate naye mke. Ndoa ikivunjika, mahari ilidaiwa irudi. Kwa hiyo mume na mke wakigombana, wazee wa pande zote mbili walikuwa na sababu ya kuwapatanisha. Ng'ombe alikuwa shahidi, naye alionekana malishoni kila siku.

Wapadri Weupe walifika Nyangezi mwaka 1906. Eklezya ilikataa ndoa ya wake wengi, na ndoa ya msichana asiyekubali mwenyewe. Mahari haikuiita dhambi. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ulikuwa umeamuru ndoa ifungwe mbele ya padri na mashahidi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tarehe 4 Desemba 1963, ulitamani desturi njema za ndoa za kila nchi zihifadhiwe. Sheria ya Kongo ya tarehe 1 Agosti 1987 nayo yataka jamaa wapatane juu ya mahari.

Shida yetu ni nyingine. Mjini ng'ombe amegeuka kuwa dola. Kinywani wazee wangali wakihesabu ng'ombe, lakini mkononi hupokea noti. Noti hazizai, wala hazimngojei kaka. Zikiliwa kwa karamu ya siku moja, hakuna shahidi aliyebaki. Na kijana asiyeweza kuzipata hukaa na mwenzake bila sakramenti, watoto wakizaliwa, miaka ikipita.

Enyi wazazi Wakristu, msiitupe mahari. Ombeni ile ambayo kijana aweza kuitoa kwa jasho lake, tena mapema. Wazee walimweka ng'ombe awe shahidi wa ndoa. Sisi tusimfanye ukuta mbele ya mlango wa kanisa.