Mashine ya Kupiga Kura au ya Kupigia Kura?

Mwaka 2018, Tume ya Uchaguzi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, CENI, ilipoamua kusambaza vituoni mashine zaidi ya laki moja zilizotengenezwa Korea Kusini, wapinzani hawakuhitaji kaulimbiu ndefu. Kwa Kifaransa kifaa kile kiliitwa machine à voter. Wakageuza herufi moja tu, kikawa machine à voler, mashine ya kuiba.

Kiswahili hakina mchezo huo wa herufi, lakini kina ubishi wake, tena mkubwa zaidi. Redio na magazeti yetu hukiita kifaa hicho kwa majina mawili, wakati mwingine ndani ya taarifa moja: mashine ya kupiga kura na mashine ya kupigia kura. Wengi huona ni jambo moja. Si jambo moja. Jiwe la kusagia husukumwa na mtu. Mashine ya kusaga husaga yenyewe, wewe kazi yako ni kumimina mahindi na kungoja unga. Kauli ya kutendea, kwa ile -i- yake ndogo, inamtambulisha mwenye kazi. Ukisema mashine ya kupigia kura, mpigaji ni raia na mashine ni chombo mkononi mwake. Ukisema ya kupiga kura, umeacha mlango wazi kwa mashine kupiga yenyewe. Malalamiko yote juu ya usalama wa vifaa hivi, ukiyachuja, yanabaki na swali hilo: kura ile ilipigwa na nani?

Zipo mashine ambazo jina la kupiga kura ndilo linalozifaa. Mpiga kura anabonyeza kitufe au kugusa skrini, taa inawaka, anaondoka. Kilichoandikwa kwenye kumbukumbu ya mashine hajakiona, wakala wa chama hajakiona, na msimamizi wa kituo pia hajakiona. Jioni mashine inatoa jumla. Ukitaka kurudia hesabu, unaiuliza mashine ileile, nayo inakujibu vilevile.

Wala haihitaji mwizi ili mambo yaharibike. Tarehe 18 Mei 2003, huko Schaerbeek, Ubelgiji, mgombea mmoja alijikuta na kura 4,096 za ziada. Ziligunduliwa kwa sababu idadi yake ilivuka kiwango kilichowezekana kihesabu. Namba yenyewe ndiyo iliyotoa siri. Kompyuta huhifadhi hesabu kwa tarakimu mbili tu, sifuri na moja, na kila nafasi ina thamani maradufu ya ile iliyotangulia: 1, 2, 4, 8, hivyo hivyo hadi nafasi ya 13, ambayo thamani yake ni 4,096 kamili. Sifuri moja iligeuka kuwa moja. Wataalamu hawakupata kosa kwenye programu, wakabaki kukisia kwamba huenda ni chembe ya mionzi kutoka angani. Kilichookoa uchaguzi ule ni kwamba kila mpiga kura alikuwa ametumbukiza kadi ya sumaku sandukuni, na kadi zile zikasomwa upya. Jiulize tu: lau nafasi iliyogeuka ingekuwa ya 7, kura za ziada zingekuwa 64. Nani angeshtuka?

Ndiyo maana istilahi ya usalama wa uchaguzi haitoshi peke yake. Usalama ni kinga dhidi ya mwenye nia mbaya. Kutegemeka ni jambo jingine: kifaa kufanya kazi yake hata pasipo adui yeyote. Schaerbeek hapakuwa na adui.

Dawa ambayo wataalamu wengi wa kompyuta wameikubali ni karatasi: mashine ichape chaguo, mpiga kura alisome kwa macho yake, kisha karatasi hiyo ibaki sandukuni. Kwa Kiingereza huitwa kwa jina refu lenye neno trail, yaani nyayo, na wapo wanaolitafsiri "njia ya karatasi", tafsiri inayonikumbusha barabara zaidi ya kura. Nyayo mtu huziacha bila kukusudia. Hii karatasi imewekwa makusudi ili iitwe mahakamani. Napendelea kuiita ushahidi wa karatasi.

Mahakamani imeshaitwa, na iliulizwa kwa nini haipo. Namibia mwaka 2014 ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kuendesha uchaguzi mkuu kwa mashine za kielektroniki, zilizonunuliwa India. Bunge lilikuwa limetunga sheria inayoruhusu mashine na papo hapo kudai ushahidi wa karatasi. Waziri alipoitangaza kuanza kutumika, aliviacha nje vile vifungu vidogo vya karatasi. Baada ya uchaguzi wa 2019, mgombea binafsi Panduleni Itula alikwenda Mahakama ya Juu. Tarehe 5 Februari 2020 mahakama ikasema waziri hakuwa na mamlaka ya kuchagua sehemu ya sheria anayoipenda, na kwamba kutumia mashine bila karatasi kulikiuka katiba. Matokeo hata hivyo hayakufutwa. Mashine zikawekwa kando.

Mashine ile ya Congo ya 2018, kwa haki, ilikuwa ya kupigia. Mpiga kura aliingiza karatasi, akamtafuta mgombea wake kwenye skrini kwa namba na picha, akathibitisha, mashine ikalichapa chaguo kwenye karatasi ileile, naye akaitumbukiza sandukuni. Kisheria zilizohesabiwa ni karatasi, kwa mkono. Kwa kuwa sheria haikuruhusu kura ya kielektroniki, CENI ilishikilia kwamba kifaa ni printa tu. Kwa kifaa kilichohitaji betri, mafunzo, na vidole vilivyozoea kugusa skrini, katika nchi ambayo vijiji vingi havina umeme, printa lilikuwa jina la upole mno.

Karatasi nayo ni shahidi wa aina yake: asiposikilizwa, hasemi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliandaa uchaguzi wa majaribio kwa mashine walizozichezea kwa siri, kila karatasi ikatoka na chaguo moja lililobadilishwa. Bila maelekezo maalumu, waliolalamika kwa wasimamizi hawakufika asilimia 7. Wengine walichukua karatasi na kwenda zao.

Kenya huingizwa kwenye mjadala huu kimakosa. Vifaa vya uchaguzi vya huko, KIEMS, havipigi wala havipigii kura. Mkenya hutia alama kwenye karatasi kwa kalamu. Kazi ya vifaa hivyo ni kumtambua mpiga kura kwa alama za vidole na kurusha matokeo, kwa hiyo jina linalovistahili ni mashine za kutambulia na kutumia matokeo, kutuma kwa -i-, japo nakiri sikio linakataa. Mwaka 2017 kilio kilikuwa seva zifunguliwe, na Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba, kukataa kwa tume ya uchaguzi, IEBC, kuzifungua kikamilifu kulikuwa sehemu ya hoja. Mwaka 2022 picha za fomu 34A, fomu za matokeo ya kila kituo, ziliwekwa hadharani, mwenye subira akajijumlishia mwenyewe.

Congo ilirudi kwenye mashine Desemba 2023, safari hii zikiitwa "vifaa vya kielektroniki vya kura". Januari 2024 CENI ilifuta kura za wagombea 82. Miongoni mwa makosa yaliyotajwa ni kumiliki mashine kinyume cha sheria, yaani zilikuwa mikononi mwa watu badala ya kituoni. Mashine iliyo nje ya kituo, ikiwa na karatasi halali, huchapa kura zenye sura halali, na atakayezihesabu kwa mkono atazihesabu sawasawa. Kwa hiyo, pamoja na jina lililonyooka na ushahidi wa karatasi, inahitajika orodha ya nani aliikabidhi mashine kwa nani, saa ngapi, kwa sahihi ya nani. Makarani wa bohari wana jina la orodha hiyo tangu zamani: hati ya makabidhiano.