Mafumbo ya chesi

Mafumbo ya chesi ni hali za mchezo wa chesi (sataranji) zinazowekwa ubaoni, kitabuni au kwenye simu ili mtu atafute hatua bora kwa upande wenye zamu. Jibu huwa moja na huweza kuthibitishwa: mfalme wa mpinzani anakamatwa, kete inapatikana bure, au mchezo uliokuwa unapotea unaokolewa kwa sare. Mafumbo ni zoezi la kawaida la wachezaji wa ngazi zote. Hata hivyo wachezaji wengi hugundua kwamba wanatatua mafumbo magumu nyumbani, kisha wanapoteza farasi au ngome kwa kosa dogo wakikaa mbele ya mpinzani. Makala hii inaeleza pengo hilo linatokana na nini na jinsi ujuzi wa mafumbo unavyoweza kufika kwenye mchezo halisi.

Historia

Jina sataranji lilifika katika Kiswahili kupitia Kiarabu shatranj, ambacho kilitoka Kiajemi na kabla yake Kisanskriti chaturanga. Mafumbo nayo ni ya zamani. Mabingwa wa Baghdad wa karne ya 9 na ya 10, kama al-Adli na as-Suli, waliandika vitabu vyenye hali za kutatuliwa zilizoitwa mansubat. Fumbo moja la as-Suli lilijulikana kwa ugumu wake kwa karne nyingi, hadi bingwa wa Urusi Yuri Averbakh alipochapisha jibu lake katika miaka ya 1980.

Kwa muda mrefu mafumbo yalikuwa sanaa ya kujitegemea. Watunzi walipanga kete katika hali ambazo zisingetokea kamwe kati ya watu wawili wanaoshindana, na uzuri wa jibu ulikuwa ndio lengo. Mafumbo ya mazoezi ni aina nyingine, kwa kuwa hutolewa katika michezo iliyochezwa kweli. Kitabu kinachojulikana zaidi ni kile cha László Polgár wa Hungaria kilichotoka mwaka 1994, chenye mafumbo na michezo 5,334; binti zake watatu, Susan, Sofia na Judit, walilelewa kwa mazoezi ya namna hiyo tangu utotoni. Siku hizi tovuti ya Lichess, iliyoanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010, hutoa mamilioni ya mafumbo bila malipo. Kompyuta huyachagua kutoka michezo ya watumiaji wenyewe.

Pengo kati ya fumbo na mchezo

Fumbo humwambia mtatuaji mambo mawili kabla hajaangalia kete hata moja: kwamba kuna kitu cha kupatikana, na kwamba zamu ni yake kukipata. Katika mchezo halisi hakuna anayemwambia. Mchezo wa hatua 40 unaweza kuwa na nafasi mbili au tatu tu za namna hiyo, na zilizobaki zote zinahitaji hatua za kawaida, kama kutoa farasi nje, kuficha mfalme au kusogeza askari mmoja. Kwa hiyo ujuzi wa kwanza ambao mafumbo hayafundishi ni kutambua kwamba wakati umefika.

Jambo la pili ni ulinzi. Karibu mafumbo yote humweka mtatuaji upande wa anayeshambulia. Katika mchezo mpinzani naye anatafuta mitego yake, na nusu ya kazi ni kuuliza kila mara hatua aliyocheza inatishia nini. Mchezaji aliyezoea mafumbo pekee huwa na macho makali upande mmoja wa ubao. Wachezaji wanaoanza hupoteza michezo zaidi kwa kuacha kete bila ulinzi kuliko kwa kukosa mbinu za kupendeza, na kosa hilo halitibiki kwa kuongeza ugumu wa mafumbo.

Fumbo pia huisha mapema. Likitatuliwa, programu inaonyesha alama ya kijani na kuleta lingine. Mchezo unaendelea: aliyepata farasi wa ziada bado anapaswa kubadilishana kete kwa busara, kupeleka askari hadi mstari wa mwisho na kumkamata mfalme, labda kwa hatua 30 nyingine, huku saa ikienda. Hapa ndipo elimu ya mwisho wa mchezo inapohitajika, na ni elimu ambayo vijana wengi huiona kavu.

Kisha kuna namba. Tovuti humpa kila mtumiaji kiwango cha mafumbo na kiwango cha michezo, na kile cha mafumbo mara nyingi huwa juu kwa mamia ya alama. Watu hulinganisha namba hizo mbili na kukata tamaa. Ulinganisho huo hauna msingi, kwa sababu kiwango cha mafumbo hupimwa dhidi ya mafumbo na kiwango cha michezo dhidi ya watu. Isitoshe, anayetatua fumbo mara nyingi huweza kukaa nalo dakika kumi, lakini katika mchezo wa dakika tano hana hata sekunde kumi kwa kila hatua.

Mfano: mtego wa Légal

Mtego huu unaitwa kwa jina la Légal, bingwa wa Paris wa karne ya 18. Weupe wanaanza kwa askari e4, weusi wanajibu e5. Weupe wanatoa farasi f3, weusi wanasogeza askari d6. Weupe wanatoa askofu c4, weusi wanatoa askofu g4, ambaye anamfunga farasi wa f3: akiondoka, malkia aliye d1 ataliwa. Weupe wanatoa farasi wa pili c3 na weusi wanasogeza askari g6.

Sasa farasi wa f3 anaondoka hata hivyo na kula askari wa e5. Weusi wakimla malkia, askofu wa c4 anakula askari wa f7 na kumshambulia mfalme. Mfalme ana mraba mmoja tu, e7, na hapo farasi wa c3 anaruka d5. Mfalme amekamatwa na kete tatu ndogo huku malkia wa weupe akiwa nje ya ubao.

Aliyeliona fumbo hili halisahau, na hapo ndipo hatari ilipo. Ikiwa badala ya askari g6 weusi walitoa farasi c6, ubao unafanana sana na ule wa kwanza, lakini mtego haufanyi kazi. Farasi mweupe akila e5, farasi mweusi wa c6 anamla. Kutoka hapo anamlinda askofu wake wa g4, kwa hiyo malkia mweupe hawezi kumla bila kuliwa naye, na weupe wamepoteza farasi kwa askari mmoja.

Badiliko dogo tena linarudisha mbinu. Weupe wakianza kwa kusogeza askari h3 na weusi wakirudisha askofu h5, farasi wa f3 anaweza kula e5. Farasi mweusi akijibu kwa kula e5, malkia anamla askofu wa h5, kwa sababu farasi aliye e5 haulindi mraba huo. Farasi mweusi akimla askofu wa c4, malkia anakwenda b5, anamshambulia mfalme na farasi kwa pamoja, na kumpata farasi huyo. Hesabu ya mwisho ni askari mmoja wa faida kwa weupe.

Hali tatu hizi zinatofautiana kwa kete moja au mbili. Anayezijua zote tatu ana kitu cha kutumia mbele ya mpinzani, na mwenye ile ya kwanza pekee anaweza kujitega mwenyewe.

Utafiti

Mwanasaikolojia wa Uholanzi Adriaan de Groot, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1946, aliwaomba wachezaji wa ngazi mbalimbali wafikiri kwa sauti mbele ya ubao. Mabingwa wakubwa hawakupiga hesabu kwa kina zaidi sana kuliko wachezaji wazuri wa kawaida. Tofauti ni kwamba hatua nzuri ziliwajia mapema. William Chase na Herbert Simon wa Marekani waliendeleza kazi hiyo mwaka 1973. Walionyesha hali za michezo kwa sekunde chache, na bingwa alizikumbuka vizuri kuliko anayeanza. Kete zilipotawanywa ubaoni ovyo, faida ya bingwa karibu itoweke. Kumbukumbu yake ilikuwa ya mipangilio aliyowahi kuikuta, kwa hiyo haiwezi kuelezwa kama akili ya kuzaliwa tu.

Matokeo hayo ndiyo hoja kuu ya kutetea mafumbo, kwa kuwa yanajaza ghala la mipangilio. Mwaka 2005 Neil Charness na wenzake waliripoti kwamba saa za kujifunza mtu akiwa peke yake zilihusiana na kiwango cha mchezaji kuliko saa za mashindano. Kujifunza huko kulijumuisha pia kuchambua michezo, na si mafumbo pekee.

Mazoezi yanayohamisha ujuzi

Njia inayotajwa zaidi na walimu ni kutengeneza mafumbo kutokana na michezo ya mtu mwenyewe. Mchezaji anaandika hatua zote katika daftari, na baada ya mchezo anatafuta mahali ambapo yeye au mpinzani alikosea, kwanza kwa kichwa chake na baadaye kwa kompyuta. Hali hizo zinachorwa na kurudiwa baada ya wiki. Kurasa 20 za daftari kama hilo zina thamani kuliko mafumbo 1,000 yaliyotatuliwa kwa kubahatisha, kwani zinaonyesha udhaifu wa mtu huyo hasa.

Mafumbo ya kuchanganya, yasiyo na kichwa kama "mfalme akamatwe kwa hatua 2", yanakaribia zaidi hali ya mchezo. Mwalimu mwenye wanafunzi kadhaa anaweza kuweka katikati yake hali ambazo hazina mbinu yoyote, ambapo jibu sahihi ni hatua ya kawaida. Anaweza pia kugeuza ubao na kuuliza upande mwingine ungezuiaje. Muhimu ni mtatuaji aseme mstari mzima wa jibu, pamoja na majibu ya mpinzani, kabla ya kugusa kete. Programu za simu huharibu tabia hii kwa sababu hukubali hatua ya kwanza ya kubahatisha na kumpa mtu muda wa kufikiri ya pili.

Kwa upande wa kuzuia makosa, Benjamin Blumenfeld wa Urusi alishauri mchezaji aandike hatua kwenye karatasi kabla ya kuicheza, kisha autazame ubao upya kana kwamba ni wa mgeni. Kanuni za sasa za FIDE, shirikisho la chesi la dunia, zinakataza kuandika hatua mapema katika mashindano. Kutazama upya hakujakatazwa.

Muda nao una uzito. Tabia hizi hazijengeki katika michezo ya dakika 3. Mashindano ya kawaida mara nyingi hutumia dakika 90 kwa kila mchezaji na sekunde 30 za nyongeza kila hatua, na mazoezi yanapaswa kukaribia mwendo huo.

Katika Afrika Mashariki

Kisa kinachojulikana zaidi cha ukanda huu kinaonyesha upande wa pili wa jambo. Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, alianza chesi mwaka 2005 katika mradi wa Robert Katende, ambako watoto walijifunza zaidi kwa kuchezana wao kwa wao. Alicheza Olimpiadi ya Chesi ya Khanty-Mansiysk mwaka 2010 na kupata cheo cha FIDE katika ile ya Istanbul mwaka 2012. Wapinzani aliwapata kila siku kabla ya kuwa na vitabu.

Mchezaji wa Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, anaweza kuwa na tatizo la kinyume: ana mafumbo yote ya dunia kwenye simu, lakini mashindano makubwa ya Tanzania hufanyika zaidi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwake. Wachezaji wa bao na drafti hawana shida hiyo, maana barazani na vijiweni mpinzani hakosekani na watazamaji hawanyamazi. Alex de Voogt, aliyechunguza mafundi wa bao wa Zanzibar na kuchapisha utafiti wake mwaka 1995, aliwakuta na uwezo mkubwa wa kukumbuka na kupiga hesabu za kete, waliojenga kwa kucheza.

Kwa mtu aliye mbali na wapinzani, michezo ya mtandaoni ya siku kadhaa kwa kila hatua hutumia data kidogo na huruhusu kufikiri kwa ubao halisi mezani. Wanafunzi wawili wa shule moja wenye ubao, daftari na saa moja na nusu jioni ya Jumamosi wana karibu kila kinachohitajika. Ubao wa drafti wenye miraba 64 hufaa pia kwa chesi, na kete zinazokosekana huchorwa juu ya vizibo vya soda.