Maji Yasiyolala

"Kijana, hayo maji yako hulala saa ngapi?"

Aliyeniuliza ni shosho anayeishi na bintiye ghorofa iliyo chini ya yangu, hapa Kileleshwa. Tulikutana kwenye ngazi asubuhi, mimi nikiwa na madebe mawili matupu. Ilikuwa wiki ya mgao, ile ambayo mfereji hutoa upepo na kila nyumba inangoja lori la maji. Na katika wiki hiyo hiyo yeye alikuwa amelala siku nne akisikia maji yakimwagika ukutani usiku kucha. Jirani mwingine alikuwa ameshamwambia msimamizi wa jengo kwamba huenda nimejiunganishia laini ya siri.

Nilimwambia ni samaki. Akaniangalia vile unavyomwangalia mtu aliyekosa hata uongo wa maana.

Lakini ni kweli, ni samaki, na matumbawe machache yaliyokuzwa na watu wa kazi hiyo, si ya kubomolewa baharini. Tangi langu lina lita 200. Maji yake yanafurika juu kwenye kijisanduku cha kona, yanashuka kwa bomba hadi tangi la pili lililofichwa kabatini, yanachujwa, kisha pampu inayarudisha juu. Ni yale yale, yanazunguka tu. Hakuna tone la kaunti linalopotea, isipokuwa lile linaloenda hewani. Shida ni sauti. Bomba lilikoroma kama mtu anayemaliza soda kwa mrija, na pampu ilinguruma hadi vikombe vikatetemeka.

Nikaanza kusoma ili nitulize bomba, nikajikuta nasoma historia. Kumbe kelele hii ina umri mkubwa kuliko Nairobi yenyewe.

Mwaka 1846 bibi mmoja wa Uingereza, Anna Thynne, alichukua matumbawe kutoka pwani ya Torquay akayapeleka nyumbani kwake London ndani ya mtungi. Hakukuwa na stima wala pampu. Maji ya bahari yakikaa bila kutikiswa hewa huisha na kilichomo hufa, kwa hiyo maji yale yalibidi yamiminwe kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, kwa zaidi ya nusu saa kila siku. Aliyemimina ni kijakazi wake. Matumbawe yaliishi karibu miaka mitatu. Bibi Thynne aliandika habari zake, zikachapishwa mwaka 1859, na jina lake limo katika kila historia ya akwariamu. La yule msichana sijaliona popote. Pampu ya kwanza ya matumbawe ilikuwa mkono wa mfanyakazi wa nyumbani, na mtu yeyote aliyekulia mitaa ya magharibi ya Nairobi hahitaji kuelezwa jambo hilo zaidi.

Baadaye akaja William Alford Lloyd, aliyesimamia akwariamu ya Hamburg iliyofunguliwa 1864 na ile ya Crystal Palace, London, ya 1871. Yeye ndiye aliyefanya kwa ukubwa kile nilicho nacho kabatini: hifadhi kubwa ya maji gizani chini ya sakafu, mashine za mvuke zikiyasukuma juu usiku na mchana, nayo yakishuka yenyewe. Vizazi vimepita na hatujabadilisha sana, ila mvuke umekuwa stima.

Nairobi nayo ilianza kwa maji. Wamaasai walipaita mahali penye maji baridi, reli ikafika 1899, na mji ulipokua mto ukashindwa kuunywesha. Bomba likaenda magharibi, kwenye chemchemi za Kikuyu. Kisha mji ukavuka vilima: bwawa la Sasumua likakamilika 1956, Ndakaini 1994. Nilipomtajia shosho haya alicheka. Yeye ni mzaliwa wa Kikuyu, karibu na kinamasi cha Ondiri, mto Nairobi unakoanzia. "Sisi tulikuwa tunabeba kwa mgongo," akasema, "na bomba la mjini linapita hapo hapo." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nilielewa basi kwamba kilichomnyima usingizi hakikuwa kelele peke yake. Maji yanayomwagika bila mtu wa kuyakinga yalimuuma sikioni.

Sheria iko upande wake pia. Kanuni za kelele za 2009 zinaruhusu desibeli 35 tu ndani ya makazi usiku, ambazo ni kama kunong'ona. Sikuwa na haja ya kupima.

Sasa, kwa nini bomba linakoroma? Kwa sababu maji na hewa vinagombania njia moja. Bomba likiwa nusu tupu, maji yanavuta hewa, yanaiachia, yanaivuta tena. Ukijaza bomba lote, hewa ikakosa pa kuingia, ugomvi unaisha na maji hushuka kimya. Hakuna fundi wa gari asiyejua jambo hili: mpira wa kunyonya petroli, ukishashika, hausemi neno. Heron wa Aleksandria alieleza ufundi huo karibu miaka 2,000 iliyopita. Na hapa kuna jambo la wenyeji wa milimani: mvuto huo unategemea uzito wa hewa. Mombasa maji huweza kupandishwa hivyo karibu mita 10, Nairobi zaidi kidogo ya nane. Bomba langu halifiki hata mita moja, kwa hiyo hainihusu.

Kinachonihusu ni kwamba hewa hiyo hiyo nyepesi hutuachia oksijeni pungufu majini, karibu moja ya tano chini ya ile ya pwani. Hivyo sikuweza kuzima tu pampu usiku ili shosho alale. Kila alfajiri samaki wangekuwa juu wakihema.

Dawa ilikuwa mabomba mawili. La kwanza lijae kabisa na lidhibitiwe na valvu; la pili libaki tupu, juu kidogo, lipokee maji iwapo la kwanza limezibwa na konokono au jani. Valvu iwe ya kuzungusha taratibu, maana robo ya mzunguko ndiyo tofauti ya kimya na mafuriko. Nikateremka mjini, River Road, nikaingia duka la kwanza.

"Boss, chukua hii ya brasi, utaiachia wajukuu."

"Nataka ya plastiki."

"Plastiki ni ya nini na hii iko?"

Brasi ina shaba ndani yake, na shaba kidogo tu ndani ya maji ya chumvi huua matumbawe, kamba na konokono. Jaribu kueleza hilo kwenye kaunta wakati nyuma yako kuna watu watano wanaotaka elbo. Nilizunguka maduka sita hadi Kirinyaga Road ndipo nikaipata, yenye vumbi, kwa bei ya kunikomesha.

Pampu haikunichukua muda. Niliitoa kwenye ubao, nikaiwekea sponji chini, na bomba gumu la kutokea nikalibadilisha kwa mpira laini ili mtetemo usifike kabatini. Valvu ndiyo iliyonikesha. Kaza, ngoja, legeza kidogo, ngoja. Saa tano usiku sauti ilikatika katikati ya kukoroma. Nilizima pampu makusudi kuona kama maji yatakayorudi chini yatajaa tangi la pili. Yaliishia vidole vitatu chini ya ukingo. Nikawasha, nikalala.

Wiki ya tatu stima ilipotea mtaa mzima. Niliamshwa na kimya kisicho cha kawaida. Ilipofika saa nane bila dalili, nilichukua jagi, nikafungua dirisha, nikaanza kuchota na kumimina kutoka juu, kuchota na kumimina, mkono ukiuma, tochi ya simu ikiegemea kioo. Nilimfikiria yule msichana wa London. Stima ilirudi saa kumi na robo. Hakufa samaki hata mmoja.

Asubuhi nilimkuta shosho kwenye ngazi.

"Jana niliyasikia tena," akasema. "Lakini polepole, kama mtu anayeteka."

"Ni mimi, shosho."

"Nilijua ni mtu," akasema, akaendelea kushuka.