Ngazi ya Sajini: Mpango wa Askari Mmoja wa Jinja, 1949–1965

Babu yangu mzaa baba aliacha sanduku moja la bati lenye rangi ya kijani iliyobabuka. Ndani yake mna kitabu chake cha utumishi jeshini, mkanda wa ngozi, picha ya kombania iliyopangwa safu tatu, na daftari la shule lenye kurasa chache zilizobaki. Katika jalada la nyuma la daftari hilo, upande wa ndani, ameandika orodha kwa Kiswahili. Nainakili kama ilivyo:

1949 askari. 1952 lansi koplo. 1954 koplo. 1958 sajini. 1962 sajinimeja. 1967 nyumbani.

Orodha yote ni ya wino wa bluu na mwandiko wake ni wa mkao mmoja. Lakini neno "sajinimeja" limekatwa kwa wino mweusi, na juu yake pameandikwa "effendi" pamoja na alama ya kuuliza. Baadaye neno hilo nalo limekatwa, safari hii kwa penseli, na kwa penseli hiyohiyo 1967 imegeuzwa kuwa 1965.

Kwa muda mrefu nilidhani hii ni kumbukumbu ya mambo yaliyokwisha. Mhadhiri wetu mmoja alipoitazama aliniuliza swali dogo tu: mtu anayekumbuka atakataje mwaka? Ndipo nikaelewa kuwa nilikuwa nimeshika mpango. Kijana wa Kiacholi, labda akiwa ndiyo kwanza amepata tepe zake mbili za koplo, alikaa chini akahesabu miaka yake ya mbele kama mkulima anayehesabu mistari ya mihogo kabla ya kupanda. Kitabu cha utumishi kinaonyesha kuwa usajini aliupata mwaka uleule alioupanga, 1958. Insha hii inataka kueleza yaliyotokea baada ya hapo: kwa nini kalamu ikakata mara mbili. Jibu halimo sandukuni. Limo katika historia ya jeshi lenyewe.

Kwanza neno "effendi". Sisi tunaosoma Kiswahili tunalijua kwa sura yake ya leo, afande. Ni neno la Kituruki lililopitia Misri na Sudan. Wanubi waliokuwa askari wa Emin Pasha, ambao Lugard aliwachukua mwaka 1891 na kuwaleta kusini, walikuja na vyeo vyao: ombashi, shaushi, bash-shaushi, na juu yao maafisa wao wenyewe walioitwa effendi. Wajerumani upande wa Tanganyika nao walitumia vyeo vya namna hiyo kwa askari wao. Kwa hiyo mwishoni mwa karne ya 19 afisa Mwafrika hakuwa kitu cha ajabu katika nchi zetu. Kisha likaja asi la 1897. Wanubi walikuwa wamechoshwa na mishahara midogo iliyochelewa na safari zisizokwisha. Waliasi, wakaingia katika ngome ya Luba huko Busoga, na Meja Thruston akauawa humo. Walioongoza asi hilo walikuwa maafisa wao, akina Mabruk Effendi na Bilal Effendi. Waingereza hawakusahau. Mwaka 1902 vikosi vya eneo letu vilipounganishwa kuwa King's African Rifles, batalioni ya nne ikiwa ya Uganda, ngazi ya Mwafrika ilianza kufupishwa, na vyeo vile vya maafisa Waafrika vikafifia hadi kutoweka.

Hiyo ndiyo ngazi aliyoikuta babu mwaka 1949. Ilikuwa fupi lakini ilieleweka, na nadhani hapo ndipo palipokuwa na mvuto wake. Askari alijua anachotakiwa kufanya. Ajue kusoma na kuandika Kiswahili, maana ndiyo lugha iliyounganisha kambi. Ajue hesabu. Afaulu kozi ya silaha. Asilewe kazini, asipoteze kofia, asichelewe kutoka likizo. Mimi mwenyewe maneno yangu ya kwanza ya Kiswahili niliyapata kwake nikiwa na miaka mitano au sita: mguu sawa, mguu pande, nyuma geuka. Katika Uganda watu wengi bado wanakiogopa Kiswahili kwa sababu walikisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Kwa babu kilikuwa cheti.

Kuna jambo jingine ambalo wenzangu wa Kenya wana haki ya kuliuliza, nami sitalikwepa. Batalioni ya nne ilipelekwa Kenya wakati wa vita vya Mau Mau. Tepe mbili za babu ni za 1954. Kitabu hakisemi alifanya nini huko, naye hakupenda kuulizwa. Askari wengi wa kizazi chake walipanda vyeo katika miaka hiyo, kwa sababu vita hufungua nafasi. Mpango ule nadhifu wa wino wa bluu, basi, ulikuwa na msitu nyuma yake.

Kazi ya sajini ilikuwa kubwa kuliko cheo chake. Maafisa Waingereza walikuja na kuondoka, na katika miaka ya 1950 wengi wa maluteni wadogo walikuwa vijana waliokuwa wakitimiza utumishi wao wa lazima, baadhi yao na miaka 19 tu. Sajini ndiye aliyebaki. Ndiye aliyejua nani kafiwa, nani ana deni dukani, nani ametoka kijiji gani na anagombana na nani. Luteni alitoa amri kwa Kiswahili cha kubabaisha, na sajini akaigeuza kuwa amri inayotekelezeka. Baba mdogo anasema babu alipenda kusimulia jinsi alivyomfundisha luteni mmoja kutamka neno "ng'ombe", na jinsi kazi hiyo ilivyokuwa ngumu kuliko kuvuka mto wenye mafuriko.

Katikati ya miaka ya 1950 ngazi iliongezwa daraja moja. Wakubwa wa jeshi walirudisha jina la effendi, wakiwapa wachache waliochaguliwa miongoni mwa masajini na masajinimeja wakongwe. Ilikuwa njia ya kumpandisha Mwafrika bila kumfanya afisa kamili. Effendi aliongoza platuni, alivaa alama zake, lakini alikuwa chini ya kila Mwingereza mwenye kamisheni, hata yule wa miaka 19. Hata hivyo, kwa sajini wa Jinja ilikuwa habari kubwa. Nina hakika huu ndio wino mweusi. Alama ya kuuliza naielewa pia: nafasi zilikuwa chache, na Kiingereza kilikuwa kimeanza kuwa na uzito kuliko miaka ya nyuma. Katika kurasa zilizobaki za daftari kuna mazoezi ya Kiingereza, sentensi moja imeandikwa mara tisa.

Mwaka 1959 Idi Amin, aliyekuwa bingwa wa ngumi na aliyeingia jeshini mwaka 1946, alifanywa effendi. Mwaka 1961 yeye na Shaban Opolot wakapewa kamisheni wakawa maluteni, maafisa wa kwanza Waganda wa jeshi hilo. Tunapolitazama jambo hili kutoka leo tunaona Amin tu, na kila tunachokijua juu yake kinatuziba macho. Naomba msomaji alitazame kama sajini wa 1961. Dari lililokaa kwa miongo mingi limetobolewa, na waliopita hapo ni watu wawili waliopanda kwa ngazi ileile anayoipanda yeye. Hawakutoka Makerere. Kama wao wameweza, kuna sababu gani asijaribu?

Lakini uhuru ulikuwa mwaka mmoja tu mbele. Serikali mpya ilihitaji maafisa wengi kwa haraka, na ilitaka vijana waliosoma sekondari, wapelekwe Sandhurst au Mons huko Uingereza na kurudi na nyota begani. Uamuzi huo haukuwa wa kijinga. Jeshi la nchi huru haliwezi kuendeshwa na watu wasioweza kusoma ramani na barua za wizara. Ila tuone ulivyomwangukia mtu wa katikati. Waingereza walikuwa wamechagua askari kutoka kaskazini, mbali na shule nyingi za misheni, na kwa miaka mingi hawakumtaka askari msomi, walimwona mjeuri. Kisha, mlango ulipofunguliwa, kipimo kikawa shule. Sajini aliadhibiwa kwa upungufu uleule uliofanya aandikishwe.

Kumpigia saluti Mwingereza wa miaka 19 hakukuharibu mpango wa babu, kwa sababu hakukuwa na mstari wa mpango uliopita hapo. Kumpigia saluti Mganda wa miaka 21, aliyekuwa mtoto wa shule siku babu anapata usajini, kulipita katikati ya ule mwaka wa 1962.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, batalioni ya kwanza ya Tanganyika Rifles iliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Kiongozi alikuwa sajini, Francis Ilogi. Kesho yake ikafuata Tabora, tarehe 23 Jinja, na tarehe 24 Lanet huko Kenya. Vitabu vingi nilivyosoma vinasema askari walidai mshahara. Ni kweli. Kule Colito askari wa kawaida alipata shilingi 105 kwa mwezi na walitaka 260. Hapa Jinja waziri Felix Onama alipokwenda kambini alizuiwa humo hadi akakubali nyongeza. Ila kulikuwa na dai la pili: Waingereza waondoke na nafasi zao zishikwe na Waafrika. Naona tunayachanganya madai haya kana kwamba yalitoka katika kinywa kimoja. Askari wa kawaida, wa miaka 20, alitaka shilingi. Waingereza wakiondoka yeye atabaki askari. Anayefaidika ni yule anayesimama daraja moja chini yao, mwenye miaka 10 au 15 ya utumishi, anayejua kazi, na anayeona vijana wakirukishwa juu ya kichwa chake. Dai la pili ni la sajini.

Sidai kwamba daftari moja linathibitisha hoja hii. Naeleza tu kwamba nikilisoma asi nikiwa na ile orodha mkononi, linaeleweka zaidi.

Serikali hizo zilijibu kwa namna tofauti kabisa. Zote ziliita askari wa Uingereza kuzima asi. Baada ya hapo Tanganyika ililivunja jeshi zima na kujenga jipya, ambalo tarehe 1 Septemba 1964 likawa Jeshi la Wananchi, chini ya Mrisho Sarakikya, mhitimu wa Sandhurst. Ilogi alihukumiwa kifungo cha miaka 15. Uganda iliheshimu nyongeza ya mishahara, na Amin akapewa batalioni ya kwanza ya Jinja. Upande mmoja wa ziwa sajini alifungwa, upande wa pili effendi wa jana alikabidhiwa kambi. Tukumbuke pia kwamba mwaka 1962 Amin alikuwa ametuhumiwa kwa mauaji ya wafugaji Waturkana, na akaponea kwa karipio. Wakati huo nchi ilikuwa na maafisa wawili tu Waganda waliopanda kutoka chini, na uhuru ulikuwa mlangoni.

Babu alifanya nini tarehe 23 Januari? Alisema siku zote kuwa alikuwa stoo akihesabu mablanketi. Baba mdogo hucheka anaposimulia: mablanketi hayo yalihesabiwa kwa siku tatu. Sijui kama alipiga kelele na wenzake au alijifungia kweli. Ninachokijua ni kwamba baada ya hapo ndipo ilipokuja ile penseli. Baadhi ya wenzake walipandishwa haraka, wengine kwa sababu walikuwa karibu na mkubwa fulani, na si kwa kozi wala kwa miaka. Ngazi ilikuwa bado imesimama, lakini hakuna aliyeweza kuhesabu tena vidato vyake. Mwaka 1965 aliomba kuondoka, akiwa bado sajini, miaka miwili kabla ya mpango. Alinunua baiskeli, akafungua duka la chumvi, sabuni na mafuta ya taa kwenye senta ya kijijini.

Nyanya anasema ndugu zake walimcheka. Wenzake walikuwa wakirudi likizo na magari ya jeshi, yeye akipima chumvi.

Tarehe 25 Januari 1971 alikuwa dukani redio iliposoma sababu 18 za kumpindua Obote. Msomaji alikuwa Sam Wilfred Aswa, afisa mteule. Nyanya anakumbuka kuwa babu aliuliza cheo cha msomaji kabla ya kuuliza kilichosomwa, kisha akafunga duka mchana kweupe. Katika miezi iliyofuata masajini wa jana wakawa maluteni kanali, na askari Waacholi na Walango wakauawa kambini, Jinja na Mbarara miongoni mwa kambi hizo.

Ile picha ya sandukuni ilipigwa Jinja baada ya yeye kupata usajini. Juu ya baadhi ya vichwa kuna misalaba midogo ya penseli. Nimeihesabu, ni 14. Babu yuko safu ya pili, wa tatu kutoka kushoto, amekunja mikono, tepe tatu zinaonekana vizuri. Juu ya kichwa chake hakuna alama.