Ghala la Kalsiamu Lililoonekana Kabla ya Kujulikana

Mwaka 1902, katika maabara ya Camillo Golgi mjini Pavia, Italia, daktari Emilio Veratti alitia vipande vya misuli weusi wa chumvi za fedha, kwa njia iliyobuniwa na mwalimu wake. Chini ya hadubini akaona wavu mwembamba uliozingira nyuzi za ndani za msuli. Aliuchora kwa mkono, kwa uangalifu wa kustaajabisha. Lakini wenzake wengi hawakuupa uzito, na michoro ile ikasahaulika kwa takriban nusu karne. Hadubini ya elektroni ilipoonyesha wavu uleule katika miaka ya 1950, Keith Porter na George Palade wakauchunguza kwa undani kule New York. Mwaka 1961 makala ya Veratti ikachapishwa upya kwa Kiingereza.

Chombo kilikuwa kimeonekana, basi, lakini hakuna aliyejua kinatunza nini.

Jibu lilikuwa likitafutwa na watu wengine kabisa, tangu hata kabla ya Veratti. Huko London, Sydney Ringer alikuwa akichunguza mioyo ya chura iliyotolewa mwilini, akiitia katika maji ya chumvi ili iendelee kudunda. Mwaka 1883 alieleza kwamba maji aliyotumia awali yalikuwa ya bomba. Alipotumia maji yaliyosafishwa kwa kuchemshwa na kukusanywa mvuke wake, mapigo yalififia, na alipoongeza kalsiamu kidogo, moyo ukarudia kazi yake. Mwaka 1947, Lewis Heilbrunn na Floyd Wiercinski, nchini Marekani, walidunga kalsiamu ndani ya uzi wa msuli, nao ukajikunja.

Hapo ndipo A. V. Hill, mwanafiziolojia wa Uingereza, alipoleta hesabu iliyowakwamisha wengi. Msuli ukipata amri kutoka kwenye neva, uzi mzima hujikunja kwa kufumba na kufumbua. Kitu kinachosambaa chenyewe kutoka utando wa nje hakiwezi kufika katikati ya uzi kwa wakati. Kwa maoni yangu, pingamizi hili lilikuwa na faida kubwa kuliko majaribio mengi yaliyofaulu, kwa sababu lilibakiza njia chache tu za kufikiri. Ama kalsiamu haihusiki, ama imehifadhiwa humo humo ndani, karibu na pale inapotakiwa.

Imehifadhiwa ndani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Setsuro Ebashi wa Japani, akifanya kazi na Fritz Lipmann, na Wilhelm Hasselbach pamoja na Madoka Makinose kule Heidelberg, Ujerumani, walionyesha kwamba vipande vya wavu ule hufyonza kalsiamu kwa nguvu ya ATP, ile molekuli inayobeba nishati ya seli. Kila molekuli moja ya ATP huingiza ioni mbili za kalsiamu. Wanabiokemia wengi walisita. Waliona vigumu kuamini kwamba ioni sahili kiasi hicho inaweza kutawala msuli.

Pampu hii inayofyonza kalsiamu ina sababu ya msingi. Seli hutumia fosfeti katika shughuli zake zote za nishati, na kalsiamu ikizidi huungana na fosfeti na kuganda. Kwa hiyo seli iliyotulia huacha kalsiamu kidogo mno katika ute wake, yapata sehemu moja kwa elfu kumi ya ile iliyo nje. Kalsiamu inayobaki huisukumia nje au kuificha katika wavu wa utando uitwao retikulamu ya endoplazimu. Kwa kuwa ute una kalsiamu haba, hata mlipuko mdogo wa kalsiamu huwa ishara isiyoweza kupuuzwa.

Lakini nani hufungua ghala hilo katika seli zisizo za misuli? Swali hili lilijibiwa kupitia mate ya nzi. Michael Berridge, aliyezaliwa mwaka 1938 katika Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, alisomea zoolojia mjini Salisbury kabla ya kwenda Cambridge. Alichagua tezi za mate za nzi wa mizoga, mirija midogo inayotoa mate ikiguswa na serotonini. Aligundua kwamba homoni hiyo ilipofika, seli zilikata mafuta fulani ya utando na kutoa inositoli trifosfeti haraka sana, kiasi cha kuweza kutangulia kalsiamu. Je, huyu ndiye mjumbe anayefungua ghala? Robin Irvine alisaidia kuandaa molekuli hiyo, na Hanspeter Streb na Irene Schulz wakaijaribu kule Frankfurt katika seli za kongosho la panya zilizotobolewa utando. Kalsiamu ikamwagika kutoka ndani. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1983. Mwaka 1989, kundi la Katsuhiko Mikoshiba huko Japani likatambua muundo wa kipokezi cha mjumbe huyo, mlango ulio kwenye utando wa ghala.

Na ghala likipungukiwa? Mwaka 1986 James Putney alipendekeza kwamba upungufu wenyewe ndio unaoita kalsiamu kutoka nje. Ilichukua karibu miaka 20 kuwapata wahusika. Mwaka 2005 ilitambuliwa protini ya STIM1, inayopima kalsiamu ndani ya ghala. Mwaka 2006 ikafuata Orai1, njia iliyo kwenye utando wa nje wa seli. Orai1 iligunduliwa kwa msaada wa familia moja iliyokuwa na watoto waliozaliwa na upungufu mkali wa kinga. Katika protini yao, asidi-amino moja tu ilikuwa imebadilika, na seli zao za kinga zilishindwa kuingiza kalsiamu.