Ukurasa wa nguo mtandaoni: Maswali ambayo muuzaji hana budi kuyajibu

MNUNUZI anayefika katika soko la Kibuye jijini Kisumu, hasa Jumapili ambayo ndiyo siku yake kuu, hanunui nguo kwa macho pekee. Huivuta ili kupima uimara wa kitambaa, huigeuza upande wa ndani kukagua mishono, huijaribu zipu, huiinua mwangani kutafuta matundu, kisha huiweka mwilini kukadiria kimo. Baada ya hayo yote ndipo mazungumzo ya bei huanza.

Nguo iyo hiyo inapouzwa kwenye intaneti, kazi hiyo yote huachiwa ukurasa mmoja. Ukurasa wa bidhaa ni ile sehemu ya tovuti inayoonyesha kitu kimoja, bei yake, maelezo yake na kitufe cha kuagizia. Kuusanifu upya, kwa hivyo, si suala la rangi na mapambo. Ni kuhakikisha kwamba kila swali ambalo sokoni hujibiwa na mkono wa mnunuzi limejibiwa kwa picha, vipimo na maneno.

Asili yake

Kumuuzia nguo mtu asiyeiona si jambo geni. Mwaka wa 1872, mjini Chicago, Marekani, Aaron Montgomery Ward alianza kuwauzia wakulima bidhaa kwa njia ya posta akitumia orodha iliyochapishwa kwenye karatasi moja. Ukurasa wa leo ni mrithi wa orodha hiyo.

Intaneti nayo ilikuja na somo lake. Duka la mavazi la Boo.com, lililokuwa na makao yake London, lilifunguliwa Novemba 1999 likiwa na picha za kuzungushwa na michoro iliyosonga. Wakati huo watu wengi walitumia laini za simu zenye kasi ndogo, na kurasa hizo zilichelewa mno kufunguka. Lilifungwa Mei 2000. Gharama kubwa za uendeshaji zilichangia anguko hilo, lakini uzito wa kurasa zake umebaki kuwa funzo kwa wasanifu.

Nchini Kenya, njia ilifunguliwa na huduma ya M-Pesa iliyoanza Machi 2007, na nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilizofika Mombasa mwaka wa 2009. Baadaye yalikuja maduka kama Jumia, iliyoanzishwa Nigeria mwaka wa 2012 kisha ikaingia Kenya, na Kilimall, iliyoanzishwa Kenya mwaka wa 2014.

Picha nyepesi, zenye ukweli

Picha iliyopigwa kwa simu ya kisasa yaweza kuwa na uzito wa megabaiti 4. Ukurasa wenye picha sita za aina hiyo humlazimu mteja kupakua megabaiti 24 kwa data aliyoilipia mwenyewe. Zikipunguzwa hadi kilobaiti 150 kila moja, uzito wote hauzidi megabaiti 1, na kwenye kioo cha simu tofauti haionekani sana.

Nguo moja huhitaji angaa picha za mbele, nyuma, kitambaa kwa karibu, lebo na mishono ya ndani. Mwanga wa asubuhi au wa kivulini huonyesha rangi kwa uaminifu kuliko jua kali la adhuhuri. Aidha, rangi itajwe kwa maneno, kwani vioo vya simu hutofautiana.

Vipimo badala ya nambari

Nambari ya lebo haitoshi. Gauni la nambari 12 nchini Uingereza hukaribiana na nambari 8 ya Marekani na 40 ya bara Ulaya, na hata hapo kila kampuni huwa na kipimo chake. Serikali ya Marekani ilichapisha viwango vya nguo za wanawake mwaka wa 1958, lakini vikaondolewa mwaka wa 1983 baada ya watengenezaji kuviacha. Marobota ya mitumba huchanganya nambari za nchi hizi zote.

Dawa yake ni utepe wa fundi cherehani. Blauzi hulazwa juu ya meza na kupimwa kutoka kwapa hadi kwapa, kisha kipimo hicho huzidishwa kwa mbili. Inchi 18 zitakuwa mzingo wa inchi 36, yaani takriban sentimita 91. Gauni huongezewa kiuno, nyonga na urefu kutoka begani hadi kwenye pindo. Suruali huhitaji pia urefu wa mshono wa ndani wa mguu. Ni muhimu kueleza iwapo kitambaa huvutika, kwa kuwa inchi 36 za pamba ngumu si sawa na inchi 36 za fulana.

Kasoro zitajwe

Mtumba una sifa moja inayoutofautisha na nguo mpya ya dukani: kila nguo ni ya pekee. Picha iliyonakiliwa kutoka kwingine haifai, na ukurasa hauna budi kuondolewa mara nguo inaponunuliwa. Kifungo kilichokosekana, doa au rangi iliyopauka vyafaa kupigwa picha na kutajwa mahali mteja atakapoviona kabla ya kulipa. Neno kama “safi” halimwambii mnunuzi lolote.

Bei kamili hadi ufukweni

Kwa wakazi wa mwambao wa Ziwa Victoria, bei ya nguo ni sehemu tu ya gharama. Kifurushi kinachotoka Kisumu kwenda Mbita chaweza kupitia Homa Bay kwa matatu, au Luanda Kotieno kisha kivuke kwa feri. Cha kisiwa cha Mfangano hakina budi kusafiri majini. Nguo isipomtosha mnunuzi, safari hiyo hurudiwa na nauli hulipwa tena. Kwa blauzi ya bei nafuu, nauli za kwenda na kurudi zaweza kuizidi thamani ya nguo yenyewe, na mnunuzi huishia kubaki na vazi asiloweza kulivaa.

Kwa sababu hiyo, gharama ya kupeleka mzigo, muda wake, kituo cha kuuchukulia na anayelipia urejeshaji ni mambo ya kuwekwa karibu na bei, si mwishoni mwa ukurasa. Vivyo hivyo jina la biashara litakalojitokeza kwenye ujumbe wa M-Pesa, ili mteja asidhani ametapeliwa.

Sheria yasemaje

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, huhitaji bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Nayo Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka wa 2012 humtaka anayeuza kwa intaneti atoe habari zinazohitajika kabla ya mkataba, na ampe mteja nafasi ya kukubali, kukataa au kurekebisha makosa.

Picha za wateja waliovaa nguo huvutia wanunuzi, lakini Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 yahitaji msingi halali wa kuzitumia, aghalabu idhini ya mhusika. Mnamo Septemba 2023, Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya burudani faini ya Sh1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake.

Kupima mafanikio

Mabadiliko yafanywe moja baada ya jingine, vinginevyo haitajulikana lipi lililosaidia. Muuzaji ahesabu watu waliofungua ukurasa, walioagiza na waliorejesha nguo pamoja na sababu zao. Maagizo yakiongezeka huku marejesho yakiongezeka zaidi, ukurasa umevutia bila kueleza. Swali ambalo wateja watatu wameuliza kwa simu ni ishara kwamba jibu lake halipo, au halionekani.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Sokoni Kibuye, ambako kila nguo hushikwa, msemo huo ungali na nguvu. Kwa mnunuzi aliye ng’ambo ya ziwa, uzuri usioelezwa haumfikii.