Imani, Utu na Amani: Swali la Dini Katika Historia ya Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Maswali kuhusu maudhui ya dini na maadili si mageni kwa mwalimu yeyote wa fasihi. Mtahiniwa huulizwa aonyeshe jinsi mwandishi alivyoishughulikia dini, naye huandika kwa haraka kuwa dini ndiyo msingi wa maadili na kwamba jamii isiyo na dini huangamia. Wengine, hasa waliosoma kazi zinazowakejeli viongozi wa dini, huandika kinyume chake: kwamba dini ni unafiki mtupu. Majibu yote mawili hukosa alama kwa sababu moja. Hayakutoka katika matini.

Hata hivyo, tatizo hili ni kubwa kuliko alama. Wanafunzi hawa ndio majirani, wapiga kura na wazazi wa kesho katika nchi yenye Wakristo, Waislamu, Wahindu, wafuasi wa dini za jadi na wasiofuata dini yoyote. Wakitoka shuleni wakiamini kuwa asiye wa dini yao hawezi kuwa mwema, tutakuwa tumewafundisha jambo la hatari. Makala haya yanalifuata swali hili kihistoria: je, binadamu anahitaji dini ndipo aishi kwa maadili na amani na wenzake? Hoja yetu ni kuwa fasihi ya Kiswahili, tangu tendi za kale hadi riwaya za karne hii, haijawahi kuichukulia dini kuwa dhamana ya wema. Imeiheshimu, lakini imeipima kwa utu.

Ushahidi wa lugha

Kabla ya kufungua kitabu chochote, hebu tuitazame lugha yenyewe. Maneno mengi ya uwanja huu yaliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu: dini, imani, amani, haki, dhuluma, adabu. Imani na amani yana mzizi mmoja katika Kiarabu, mzizi unaohusu usalama na uaminifu. Neno utu, kwa upande mwingine, ni la Kibantu, nalo linataja ile sifa inayomfanya mtu astahili kuitwa mtu. Waswahili walipoipokea dini hawakulitupa neno hilo. Waliyatumia yote kwa pamoja.

La kuzingatia zaidi ni maana ambayo neno imani limepata. Mswahili anaposema, "Yule mama hana imani," hamaanishi kuwa mama huyo haendi msikitini wala kanisani. Anamaanisha kuwa hana huruma. Huenda mama huyo anasali usiku na mchana, lakini akimnyima mtoto wa kambo chakula, basi hana imani. Wasemaji wa lugha hii wamelichukua jina la kumwamini Mungu wakalifanya pia jina la kumhurumia binadamu.

Methali nazo zinashuhudia pande mbili. "Mcha Mungu si mtovu" huufungamanisha uchaji na fanaka. Lakini "Tenda wema nenda zako" haitaji thawabu ya peponi wala adhabu ya motoni. Inamtaka mtu atende jema kwa sababu ni jema. Na "Mtu ni watu" inaueleza msingi wa maadili kwa maneno matatu tu: hakuna awezaye kuwa mtu peke yake.

Pate, Lamu na Siyu

Wapo wanaodai kuwa watu wakiwa na dini moja watakaa kwa amani. Historia ya upwa wetu inatoa jibu. Mwanzoni mwa karne ya 19, karibu na mwaka wa 1812, majeshi ya Pate na ya Wamazrui wa Mombasa yaliishambulia Lamu na kushindwa katika Vita vya Shela. Waliopigana walikuwa Waislamu kwa Waislamu, na wote walisema Kiswahili. Walichogombania ni mamlaka na biashara. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi katika miaka hiyo, aliutumia ushairi wake kuutetea upande wa Mombasa katika siasa za wakati huo.

Katika kipindi hichohicho, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, utenzi unaoyatazama majumba ya fahari ya Pate yakiwa magofu. Mshairi anauhutubia moyo wake mwenyewe na kuukumbusha kifo na hesabu ya akhera. Utenzi huu ni wa kidini kabisa. Hata hivyo, mwanafunzi atambue kuwa walioonywa humo hawakuwa makafiri. Walikuwa watu wa dini ileile, walioishi katika mji wenye misikiti na wanazuoni, lakini wakalewa anasa na kiburi.

Mfano wa pili ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka wa 1858. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa mtawala wa Siyu, alikuwa mgonjwa alipomtungia binti yake wosia huu. Jambo la kwanza analomfunza ni kushika dini. Kisha anafuatisha adabu, ulimi mwema, uaminifu na heshima. Hapa dini na maadili vinakwenda sambamba, na hakuna haja ya kulipuuza hilo. Lakini katika utendi huohuo binti anaonywa asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Uchaji wa mama huyu ni wa kweli, na mapenzi yake kwa mwanawe hayana shaka. Pamoja na hayo, uchaji huo haukumwonyesha kuwa mtumwa naye ni mtu kamili. Si Siyu tu. Wakristo wa Ulaya na Marekani nao walimiliki watumwa kwa karne nyingi huku wakisali. Dini inaweza kumlea mtu katika maadili ya jamii yake, yakiwamo makosa ya jamii hiyo.

Shaaban Robert: sheria na utu

Shaaban Robert (1909–1962) alikuwa Mwislamu mcha Mungu, na uchaji huo unajitokeza katika kazi zake nyingi. Kwa hivyo inafaa tujiulize: alipobuni nchi yenye dhuluma katika Kusadikika (1951), ni dawa gani aliyoipendekeza? Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kuwafundisha watu elimu ya sheria. Katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali kuitafutia nchi yao manufaa, wakarudi na kuadhibiwa. Karama hawaambii watawala kuwa tatizo lao ni kukosa dini. Anawaonyesha kuwa nchi haiwezi kustawi pale mwenye nguvu anapomhukumu mnyonge bila kumsikiliza. Mwandishi aliyeamini kwa dhati aliona kuwa imani ya mtu mmojammoja haitoshi kuleta amani katika nchi. Inahitajika sheria inayomlinda kila mtu, na watu wenye ujasiri wa kuitetea.

Kezilahabi: malezi bila huruma, shaka bila tumaini

Euphrase Kezilahabi (1944–2020) alisoma katika seminari ya Kikatoliki kabla ya kwenda chuo kikuu. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika (1971), iliwahi kupigwa marufuku shuleni nchini Tanzania. Rosa analelewa na baba mkali na mlevi, Zakaria, anayempiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Anasomeshwa pia na watawa katika shule yenye kanuni nyingi. Akipata uhuru chuoni, hajui autumie vipi, na maisha yake yanaishia kwa kujiua. Mwishoni baba na binti wanasimama mbele ya Mungu wakilaumiana. Kezilahabi hapingi dini hapa. Anaonyesha kuwa maadili yanayotiwa kwa fimbo na woga hudumu muda ule tu fimbo inapoonekana.

Lakini mhakiki asikimbilie kusema kuwa dawa ni kuitupa dini. Katika Kichwamaji (1974), Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, anatilia shaka kuwepo kwa Mungu na kuona maisha hayana maana. Shaka hiyo haimpi wema mpya wala haimkaribishi kwa watu wake. Naye pia anaishia kujiua. Tukizisoma riwaya hizi mbili pamoja, tunaona kuwa kanuni zisizo na upendo zinaua, na kutoamini kusikojali watu wengine kunaua vilevile. Wahusika wote wawili wamekosa kitu kimoja, nacho ni utu unaowaunganisha na wenzao.

Kenya ya 2007–2008 na Chozi la Heri

Swali letu lilipata jibu chungu hapa nyumbani. Kwa mujibu wa Tume ya Waki, watu 1,133 waliuawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Hii ilikuwa nchi ambamo zaidi ya asilimia 80 ya watu walijitambulisha kuwa Wakristo katika sensa ya 2009. Tarehe 1 Januari 2008, watu waliokimbilia kanisani Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomewa humo. Mnamo Februari 2008, Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya lilikiri hadharani kuwa viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande za kisiasa.

Assumpta K. Matei aliyaandikia mambo ya aina hii katika Chozi la Heri (2017). Mzee Kedi, aliyekuwa jirani wa Ridhaa kwa miaka mingi, ndiye anayewaongoza wanaoichoma nyumba yake na kuwaua jamaa zake. Ujirani, ibada na salamu za kila asubuhi havikuizuia chuki iliyopandwa na siasa, ardhi na ukabila. Lakini riwaya hii haimwachi msomaji katika kukata tamaa. Watoto waliotelekezwa wanapata wa kuwalea, wakiwamo watu waliofiwa wenyewe, na mtawa ni mmoja wa wenye huruma hiyo. Mwandishi anaiweka dini mahali inapostahili, yaani miongoni mwa mikono inayojenga upya.

Taifa nalo lilitoa jibu lake. Katiba iliyoidhinishwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010 inautambua ukuu wa Mungu katika utangulizi wake, kisha kifungu cha 8 kinasema kuwa hakutakuwa na dini ya taifa. Mwenye kuamini ana nafasi yake, na asiyeamini hapotezi haki yake.

Wajir na Mandera

Historia ya kaskazini mwa Kenya inakamilisha hoja hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za Kisomali mjini Wajir zilipigana vikali, ingawa zote zilikuwa za Kiislamu. Mwaka wa 1993 wanawake, miongoni mwao Dekha Ibrahim Abdi (1964–2011), walianza kwa kuhakikisha kuwa mwanamke wa ukoo wowote anaweza kuuza na kununua sokoni bila kubaguliwa. Kisha wazee wa koo waliletwa pamoja hadi wakaafikiana. Dekha alikuwa mcha Mungu, na alisema wazi kuwa dini yake ilimpa nguvu. Ila kazi yenyewe ilianzia sokoni, kwenye haki ya kununua maziwa.

Tarehe 22 Novemba 2014 magaidi walilisimamisha basi katika Kaunti ya Mandera, wakawatenga abiria wasio Waislamu, wakaua watu 28. Mwezi wa Desemba 2015 walijaribu tena karibu na El Wak. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengana na Wakristo, na baadhi ya wanawake waliwapa wenzao vitambaa vya kujifunika kichwa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Wauaji walitaja dini. Waliowakinga wenzao nao walikuwa watu wa dini hiyohiyo. Kilichowatofautisha ni jinsi kila upande ulivyomtazama mtu aliyeketi kando.

Ushauri kwa mtahiniwa

Unapojibu swali la dini na maadili, zingatia haya. Kwanza, tofautisha dini kama imani ya mhusika, dini kama taasisi, na dini kama kisingizio. Pili, mpime mhusika kwa matendo yake kwa walio wanyonge: mtoto, mtumwa, mjakazi, mkimbizi. Tatu, usitoe hukumu ya jumla kutokana na mhusika mmoja. Mnafiki mmoja hathibitishi kuwa dini ni uongo, wala mtawa mmoja mwema hathibitishi kuwa wasio na dini ni waovu. Nne, kila hoja iungwe mkono na tukio kutoka kwenye matini.

Hitimisho

Tumeona kuwa dini moja haikuzuia Vita vya Shela, wala wingi wa waumini haukuizuia Kiambaa. Tumeona pia kuwa imani iliwapa watu nguvu ya kulea yatima na kukinga abiria wasiowajua. Kwa hivyo watu wanaweza kuishi kwa maadili na amani bila kuwa wa dini moja, na hata bila wote kuwa na dini, mradi wawe na utu na sheria za haki. Mwenye dini naye hajasamehewa kipimo hicho. Ni jukumu letu walimu kuhakikisha kuwa mwanafunzi anayesali, anayesali tofauti na asiyesali kabisa wanaketi dawati moja, na kila mmoja anaulizwa swali lilelile ambalo lugha yetu imekuwa ikiuliza: je, ana imani kwa mwenzake?